Siku Wazee wa Kihonzo Walipopumua

Panga la Mzee Lukuwi lilishuka mara moja tu. Vidole vitatu vya Kobero vikabaki kwenye kishikio cha ngazi, na Kobero mwenyewe akaporomoka hadi chini, akigonga kila kipandio cha chuma njiani.

Hakupiga kelele. Alikaa kwenye vumbi akiutazama mkono wake wa kulia, kisha akainua uso kumtazama aliyemkata. Mzee Lukuwi! Huyu aliyekuwa akienda chooni kwa kushikwa mkono. Huyu ambaye Kobero alimbebea ndoo ya maji juzi tu kwa sababu kifua kilikuwa kimembana. Leo kasimama juu ya ngazi ya mnara, hahemi wala hayumbi, na nyuma yake wamejipanga wenzake wote waliowahi kufanya kazi kiwanda cha ngozi, huyu na shoka, yule na nondo, na wote wamepanda ngazi ile ndefu bila kupumzika hata mara moja.

"Rudi kwa mtoto wako, Kobero," mzee alisema. "Huku hapiti mtu."

"Mtoto wangu anakufa, mzee wangu. Nataka huyo dada awashe mvumo, basi. Sitaki kingine."

"Mtoto wako anakufa, na mimi ndiyo kwanza naanza kuishi. Rudi."

Kobero aliuzungushia mkono shati lake, akainuka, akaondoka. Hakuelekea zahanati alikolazwa binti yake Anjela. Alielekea darajani, waliko kaka zake na mashemeji zake.

Ndani ya mnara, Restituta Banzi aliyaona yote kupitia dirishani. Yeye ndiye mhandisi wa mto, na wenzo wa mvumo mkubwa, ule wa chuma chekundu, ulikuwa mbele yake. Hakuna mkono mwingine bondeni ambao wenzo ule ungeutii. Ulikuwa umefundishwa kiganja chake tu. Alikuwa ameshika kichwa.

*

Kihonzo ulikuwa mto kwa jina. Miaka yote ya kiwanda, maji yalishuka ya bluu siku za kutia ngozi dawa na meusi siku za kuosha mapipa. Mwenye kiwanda alipoona faida imekwisha alifunga, akapakia mashine zake akaenda zake, akaacha kromi, ile chumvi ya kufanya ngozi zisioze. Aliiacha kwenye tope la mto, na aliiacha kwenye mapafu na mifupa ya watu waliomfanyia kazi. Tope likaitiwa wataalamu. Mapafu hayakuitiwa mtu.

Wataalamu walileta utando. Ni kitu hai, laini, kama ule ukoko unaofunika uji uliopoa, kimezalishwa kwenye mabirika ya maabara kwa kazi moja: kula sumu ya chuma na kuifungia ndani yake. Kandokando ya mto walichimbia milingoti inayovuma kwa sauti ya chini mno, sikio haliipati, ila ukiegemea mlingoti meno yanawasha. Utando hufuata mvumo huo. Milingoti ikivuma kidogo, utando unatulia topeni na kula. Ikivuma kwa nguvu zote, utando wote unatoka ulipo na kujikusanya mtoni, popote ulipokuwa umejificha.

Na kazi ilifanyika, tusiwanyime haki yao. Leo juu ya kiwanda unaona changarawe chini ya maji, na kaa wamerudi. Palibaki kipande kimoja tu, penye mapipa ya zamani, ambapo utando ulikuwa bado mnene. Pale walizungusha kamba nyekundu na kutangaza kwa vipaza sauti kwamba tope lile lisiguswe. Walieleza kila kitu isipokuwa sababu. Hapo ndipo watu wenye elimu wanaponiudhi. Mtu mzima ukimwambia usiguse, bila kumwambia kwa nini, umemwambia nini?

Jana yake, basi, walimzika Mzee Kunambi, naye ni wa kiwanda, kifua kilichommaliza ni kilekile. Msiba wa Waluguru hauendi bila watani, na mtani mkubwa wa Kihonzo alikuwa Mihambo, Mnyamwezi fundi baiskeli, mtu wa maneno. Ni haki ya mtani kuwachekesha wafiwa hata jeneza likiwa mbele yao. Atajilaza kaburini agome kutoka mpaka apewe jogoo. Atawapaka majivu. Atawaita watumwa wake. Na mfiwa hakasiriki, kwa sababu utani ndio unaomrudisha mtu duniani.

Mihambo hakuleta majivu. Alivuka kamba nyekundu, akajaza ndoo, akaja nayo makaburini juu ya kilima.

"Kunambi kaogelea tope hili maisha yake yote, hajamgawia mtu!" alipiga kelele. "Leo nagawa mimi urithi. Wajukuu mbele! Na nyie wazee wenzake, msijifiche, nawaona!"

Walikimbizana makaburini wakicheka na kulia. Alimpaka Anjela, mtoto wa Kobero, mjukuu wa marehemu, uso mzima. Aliwapaka watoto wengine, akawapaka wazee vifuani. Mzee Banzi, baba yake Restituta, alipakwa mpaka masikioni, akasema, "Mnyamwezi, mwaka huu nakuua," na watu wakazidi kucheka. Jasho lilikuwa jingi, mikono ina michubuko ya majembe. Tena pale juu kilimani hakuna mlingoti hata mmoja. Utando ukikosa mvumo huwa hautulii. Unatafuta.

Kulipokucha, wazee waliamka wazima. Utando ulikuta kwao chakula cha miaka mingi, ukaingia mapafuni ukala, na kila ulipokula pakaachia hewa. Watoto walikuwa hawana kromi. Utando ukikosa kromi hula chuma chochote unachokikuta, na chuma cha mwilini kiko kwenye damu. Walianza kutokwa na damu puani, kisha kwenye fizi, kisha kila mahali.

*

Mzee Banzi aliingia chumba cha mitambo peke yake, akarudishia mlango. Mkononi alikuwa na panga. Aliliegemeza ukutani kwa adabu, kama mgeni anavyoacha mwavuli.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umekula?"

"Baba, nipishe niwashe."

"Nimekuuliza umekula."

Restituta alianza kulia, na mzee akamwacha alie kidogo. Kisha akavuta kiti, akakaa karibu naye mpaka magoti yakagusana.

"Ukiwasha, mimi nakuwaje? Niambie ukweli. Usinifiche kama wale wa vipaza sauti."

"Kwa watoto utando uko kwenye ngozi na damu. Utatoka, watachubuka, watapona. Kwenu umeshika mapafu na mifupa." Alifuta kamasi kwa mkono. "Tulimjaribu mbuzi mwenye kromi mapafuni."

"Akawaje?"

"Aliyatema, baba. Mapafu yake. Alikuwa mzima bado anayatema."

Chini ngazini Mzee Lukuwi na wenzake walikuwa wanazungumza, na hata mazungumzo yao yalikuwa mageni masikioni mwa Restituta. Hakuna aliyekohoa katikati ya neno.

"Tangu mama yako yu hai nimelala nimekaa," Mzee Banzi alisema. "Mito mitatu mgongoni, mwaka hadi mwaka. Usiku wa leo nimelala chali. Unajua kulala chali kukoje, Resti? Nimeamka nikadhani nimekufa, maana hakuna kinachouma."

"Watoto saba, baba. Anjela ana miaka sita."

"Niliwapaka mimi? Mimi ndiye niliyeleta huo uchafu wenu mtoni? Nilitiwa sumu nikiwa kijana, hakuna aliyewasha mashine yoyote kwa ajili yangu. Leo nimepata dawa kwa bahati, mnataka kuing'oa na nyama yake." Sauti ilikuwa imepanda, akaishusha. "Sitaki kufa, mama. Wengine wangekwambia wako tayari. Mimi siko tayari."

Restituta alimpenda baba yake kwa ukweli huo, na ukweli huo ukamuumiza kuliko ambavyo panga lingemuumiza. Kama angemtukana, au angeinua mkono, ingekuwa nafuu.

"Milingoti inaishia darajani," mzee aliendelea. "Tukivuka daraja tukapita kilima, mvumo hautufikii. Nipe muda niwavushe wenzangu. Tukishavuka, washa unavyotaka, na Mungu awasaidie hao watoto. Niahidi hutawasha tukiwa humu bondeni."

Restituta akapiga hesabu kichwani: mwendo wa kufika darajani, mwendo wa kupanda kilima. Gaudensia, muuguzi wa zahanati, alikuwa amemwambia kwa redio kwamba watoto bado wanaweza kusubiri kidogo. Kidogo.

"Nakuahidi, baba. Nendeni haraka."

Alimpa redio ya mkononi ya mnara, wasikilizane njiani. Mzee Banzi akachukua panga lake. Mlangoni aligeuka, akamwangalia bintiye, halafu akashuka ngazi mbilimbili.

*

Darajani hakukupitika. Kobero alikuwa amefika mbele yao. Kaka zake walikuwa wamevuta trela la matofali wakaliziba daraja, na nyuma ya trela walisimama na mabomba, mawe na chupa za petroli zenye matambara mdomoni. Mkono wa Kobero ulikuwa umefungwa kitenge cha mkewe, na kitenge kilikuwa kimeshalowa.

"Tupishe tuvuke, mwanangu," Mzee Banzi aliita. Restituta alimsikia redioni na kumwona dirishani, mtu mdogo mwenye kofia ya pama. "Tukivuka tu, mvumo unawashwa. Mtoto wako anapona. Nimekubaliana na binti yangu."

"Mwambie awashe sasa hivi, mkiwa hapohapo."

"Tutakufa."

"Ndiyo maana nasema sasa hivi!" Kobero aliunyanyua mkono ule. "Kwa nini mwanangu asubiri nyie mtembee? Tulikuja ngazini kwa heshima zote, tukakatwa. Hatoki mtu hapa. Usikieni huo mvumo kwa masikio yenu."

Redioni Restituta alimwita baba yake, akamwambia ampe Kobero redio, aseme naye. Kobero aliipiga teke.

Hapo ndipo Mihambo alipojitokeza. Tangu alfajiri alikuwa amejikunyata nje ya zahanati, hasemi na mtu, akisikia watoto wa watu wakilia ndani. Alipita katikati ya wazee wenye mapanga, akatembea wazi darajani, mikono juu, na kwa miguu ile ya matege akaanza kucheza ngoma ya kwao. Matanga hayajaanuliwa, na matanga yasipoanuliwa mtani bado ana haki yake. Hakuna wa kumpiga. Bondeni kote hakuna aliyewahi kuona mtani akipigwa msibani, wala aliyesikia kwamba jambo kama hilo limewahi kutokea popote.

"Watumwa wangu!" alisema. Sauti ilitetemeka kidogo. "Nani kawaruhusu kuziba daraja la bwana wenu? Kobero, we mla magimbi, toa trela. Nimekuja kuchukua wazee wangu, nakwenda kuwauza Tabora. Nani atanunua mzee anayekohoa? Sasa wamepona, bei imepanda!"

Kijana mmoja nyuma ya matofali alicheka. Hakutaka, kicheko kilimtoka tu, akaziba mdomo. Kaka yake Kobero aliteremsha bomba lake. Mihambo aliona, akasogea, akaweka mkono kwenye trela, na akasema sasa kwa sauti ya chini, bila utani wowote:

"Kobero. Ni mimi niliyempaka. Nidai mimi. Waache hawa wapite, mtoto apone, halafu tutakaa mimi na wewe."

Kobero alimpiga na nondo juu ya sikio.

Mihambo alikaa chini taratibu. Alijaribu kusema kitu, pengine utani mwingine. Kobero akampiga tena, na tena, kwa mkono wa kushoto, vibaya, huku analia kwa sauti, mpaka kaka yake alipomkamata kiunoni. Hakuna aliyesogea. Hata waliokuwa na chupa za petroli walizishusha. Walikuwa wameua mtani kwenye matanga, na kila mmoja alikuwa anamwangalia mwenzake aone kama ni kweli.

Kisha Mzee Lukuwi akapiga ukelele, na wazee wakavamia.

Walikuwa wazee wenye mapafu ya vijana na hasira ya maisha mazima. Shoka liliingia kwenye bega la kaka yake Kobero, likakwama. Chupa ilirushwa, kofia na shati la mzee mmoja vikawaka pamoja, akatembea hatua chache akiwaka kabla ya kuanguka mtoni, na maji yale masafi yakachemka kumzunguka. Mawe yalivunja meno. Mzee Lukuwi alikatwa shingoni, akaendelea kukata. Pale juu Restituta alikuwa anapiga kioo kwa viganja, akiita "Acheni! Acheni!" ndani ya chumba ambacho hakuna aliyemsikia.

Redio ya zahanati ikalia.

"Resti." Gaudensia alikuwa anahema. "Mtoto wa Mbiki ametutoka. Sasa hivi. Na Anjela macho yamegeuka, mapigo siyapati vizuri. Unasubiri nini?"

"Hawajavuka."

"Hawatavuka! Husikii makelele? Resti, nina sita hapa. Ukisubiri sitakuwa na hata mmoja."

Restituta alitazama darajani. Alimtafuta baba yake katika fujo ile, akamwona, kofia imeanguka, panga linapanda na kushuka. Alikuwa amemwahidi. Ahadi aliitoa akidhani watu watapita daraja. Alijiambia hivyo, na akajua papo hapo kwamba ni maneno tu, kwamba baba yake hakumwomba ahadi ya daraja, alimwomba asimuue.

Akaweka kiganja kwenye wenzo.

*

Mvumo mkubwa haupandi ghafla. Huanzia kwenye milingoti ya kiwandani, ukashuka na mto, mlingoti kwa mlingoti, ukiongezeka. Darajani watu waliusikia menoni. Ugomvi ulisimama. Wazee walishika vifua vyao, na mmoja wao, aliyekuwa amemkalia kijana mdogo amuue, alimwachia, akainama, akaanza kutapika damu.

Mzee Banzi hakuinama. Aliokota redio iliyopigwa teke, akageuka akakimbia.

Hakukimbilia darajani. Alikimbilia mlima wa taka za kiwanda, rundo la majivu na mabaki ya ngozi lililosimama wima kando ya mto, ambalo mbuzi wenyewe hulipanda kwa kusitasita. Hakuna aliyewahi kufikiria kulipanda. Juu yake ndiyo mwisho wa bonde. Nyuma yake ni kimya. Restituta hakuwahi katika maisha yake kumwona baba yake akikimbia. Alikimbia vizuri. Alitupa panga, akapanda kwa mikono na miguu, majivu yakiteleza chini yake, na hakusimama kupumzika.

"Resti." Ilikuwa sauti yake redioni, ina nguvu, karibu na ya kijana. "Nimekuona umewasha. Sikulaumu. Usiongeze tu, mama. Bado kidogo. Naiona juu."

"Panda, baba. Panda!"

"Unatoka!" Gaudensia alipiga kelele kwenye redio nyingine. "Anjela, unamtoka puani, naona ule utando! Umefika nusu umesimama. Ongeza, Resti! Unarudi ndani, ongeza!"

Wenzo ulikuwa katikati. Mzee Banzi alikuwa amebakiza urefu wa mtu mmoja.

"Bado kidogo tu," alisema baba yake.

Restituta akausukuma wenzo mpaka mwisho.

Madirisha yalitetemeka. Mtoni, kuanzia kiwandani hadi darajani, maji yakafunikwa na ngozi ya kijivu iliyokuwa inakuja kutoka kila upande, na zahanati ikajaa vilio vya watoto, vilio vya nguvu, vya watoto wenye hewa. Gaudensia alikuwa anacheka na kulia na kuwataja majina mmoja mmoja. Redio ya pili ilikuwa bado wazi. Restituta alisikia pumzi za baba yake, ndefu na safi, kisha akasikia kitu kingine, na hakuizima redio wala hakuziba masikio. Alisikiliza mpaka kikaisha. Aliona hilo angalau anadaiwa.

Walipomfuata jioni walimkuta amelala kifudifudi kwenye majivu. Mkono mmoja ulikuwa umeshafika upande wa pili.